Wageni wa Kila Asubuhi

Sogeeni, sogeeni hapa. Wewe mwenye kikohozi, kohoa sasa umalize. Kwanza tuapizane: haya ninayokwenda kuyasema hayatoki nje ya mlango huu. Shikeni masikio, semeni, "Haki ya Mungu, sitamwambia mtu." Mmesema? Hata wewe wa nyuma unayetafuna? Vizuri. Na mimi niliapishwa hivyo hivyo, nimeshika masikio yote mawili, na leo mtaa mzima hakuna hata kuku asiyeyajua. Basi tegeni.

Hapo zamani za kale, za kale hasa, wakati fisi alipokuwa na mgongo ulionyooka sawasawa kama wa punda, kulikuwa na chuo kikuu huko bondeni. Chuo kikubwa! Watoto wa wanyama wote walisoma pale.

Mkuu wa Chuo alikuwa Mzee Ndovu. Chini yake walikuwepo wakubwa wenye kazi ya kudumu. Kifaru alifundisha somo la Hasira. Kiboko alifundisha Kukaa Majini, na somo lenyewe alilifundisha amelala.

Masomo mengine yote, yale ya jasho, yalifundishwa na vibarua. Kanga alifundisha kupiga kelele ya hatari. Panya alifundisha kuchimba. Nguchiro, huyu ndiye wetu leo, mdogo, mwepesi, macho hayatulii, alifundisha kukwepa nyoka. Na Shangazi Kakakuona, mwenye magamba tangu puani hadi mkiani, alifundisha kujikunja. Alikwisha zeeka pale pale chuoni. Hata Mzee Ndovu alipokuwa mtoto alifundishwa kujikunja na Shangazi. Hakufaulu, lakini alifundishwa.

Mshahara wa wote ulikuwa asali. Na kila jioni kila mmoja alikatwa upawa mmoja, anauleta kwa bakuli lake, unamiminwa mtungini, unawekwa kwa ajili ya uzee. Asali hiyo iliitwa asali ya kiinua mgongo. Mkubwa akitoa upawa wake, chuo nacho kinaongeza upawa mwingine juu yake. Ukizeeka, mgongo ukipinda, unakabidhiwa asali yako, unakwenda zako kupumzika na kulamba.

Mtungi wa wakubwa na mtungi wa vibarua ilikaa ghalani, mwisho wa ukumbi. Ghala lenyewe halikuwa na mlango, lilikuwa na jamvi kubwa tu lililotundikwa. Na jamvi hilo hakuna aliyeruhusiwa kulifunua isipokuwa bwana ghala.

Bwana ghala alikuwa nani? Mmekwisha mjua. Fisi!

Jamani, Fisi alikuwa na maneno matamu! Asubuhi utamkuta langoni, upawa kwapani. Kibarua akipiga hodi, yeye huitikia, "Karibu, mgeni!" Jioni akishamkata upawa wake humwambia, "Kwaheri, mgeni!" Nao vibarua walicheka, wakaona ni mzaha wa mtu mchangamfu.

Haukuwa mzaha hata kidogo.

Siku moja Shangazi Kakakuona alianza kuwafundisha watoto wa nyati kujikunja. Akajikunja, halafu akashindwa kujikunjua. Nguchiro akaja mbio, akamkunjua taratibu, gamba kwa gamba.

"Mwanangu," alisema Shangazi akihema, "nadhani sasa basi. Nipeleke kwa bwana ghala nikachukue kiinua mgongo changu."

Nguchiro akamshika mkono. Wakamkuta Fisi anachokonoa meno.

"Hodi, baba," akasema Shangazi.

"Karibu, mgeni!"

"Baba, nimechoka. Macho hayaoni vizuri, mgongo ndio huo unauona. Nimekuja kuchukua asali yangu nikapumzike."

"Asali?" Fisi akafungua macho kama ametajiwa kitu cha nchi nyingine. "Asali ya nini?"

"Ya kiinua mgongo."

"Aaa! Shangazi, pole. Ile ni ya walioajiriwa. Wewe umeanza kazi lini?"

"Ala! Wewe ulikuwa hujaota meno nami nipo hapa."

"Hapana, hapana. Umeanza leo asubuhi! Si nilikwambia karibu mgeni? Na jana jioni si uliitikia kwaheri? Mtu akiaga, kazi yake imekwisha. Kesho yake akija, ni mgeni anaanza upya. Wakubwa hawa hawaagi. Kifaru akitoka hapa husema tu, 'Haya, kesho,' basi kazi yake inaendelea. Lakini wewe, Shangazi, huna kazi hapa zaidi ya tangu asubuhi hii. Tena chai bado hata haijapoa."

Na hapo akacheka, "Kwi kwi kwi!"

"Na pawa zangu zote mlizokata?" Nguchiro akauliza. "Na zake?"

"Ziko salama mtungini! Za jumla! Za... za shughuli za wageni." Akafuta mdomo. "Kwaherini, wageni."

Na Shangazi? Mwenzangu, afadhali angelia. Aliinamisha kichwa tu, akasema, "Asante, baba," kisha akageuka, mkia unaburura mavumbi. Asante! Ananyimwa na anashukuru. Nguchiro alisonya msonyo mrefu, mfyuuuu, mpaka njiwa wakaruka juu ya paa.

Jioni ile alimfuata Shangazi nyumbani kwake. Nyumba yenyewe shimo, na ndani hamna kitu. Kiangazi kilikuwa kinabisha hodi, mchwa wanashuka chini kabisa ya ardhi, na Shangazi hana tena kucha za kuwafukulia. Angekula nini? Nguchiro alilipiga jicho lile shimo, roho ikamsinyaa.

"Karibu, mwanangu, keti," akasema Shangazi. "Kula kwanza."

"Sitaki kula, Shangazi. Umebakiwa na nini hata unipe?"

"Ebo! Mgeni wangu aondoke na njaa? Watu watasemaje?" Akamsogezea kumbikumbi wa mwisho kwenye kipande cha kigae. Nguchiro akala ili asimvunjie heshima.

Alipotaka kuinuka afagie, Shangazi akamkalisha kwa mkia. "Kaa! Mgeni hashiki ufagio ndani mwangu."

"Mimi si mgeni, Shangazi."

"Umepiga hodi, nimesema karibu. Ni mgeni. Utakaa, utakula, mimi nitakutumikia hata kama natambaa." Kisha akachukua bakuli pembeni. "Na hili bakuli lako, uliloniletea uji juzi. Nilikuwa naona haya kulirudisha hivi hivi." Akakung'uta punje mbili tatu za ulezi ndani yake. "Haya, sasa naweza kukurudishia."

Nguchiro akalishika lile bakuli. Akazitazama zile punje. Akamtazama Shangazi. Akazitazama tena punje. Mara masikio yakasimama wima.

"Shangazi," akasema polepole. "Mgeni hafanyi kazi?"

"Astaghfirullah! Mgeni afanye kazi?"

"Anakaa, analishwa?"

"Na maji ya kunawa anamiminiwa."

"Na akileta kitu, chombo chake kinarudi na kitu?"

"Wewe mtoto vipi leo? Hukufundishwa kwenu?"

Nguchiro akaruka juu, akajipiga kichwa kwenye dari ya shimo, tifu! "Nimefundishwa, Shangazi! Wallahi nimefundishwa sasa hivi! Kesho vaa nguo yako nzuri. Na nikuombe jambo moja tu. Mchana, wenzetu wakishajilaza, wewe omba mkeka."

"Mkeka wa nini? Mimi nisumbue watu kwa mkeka?"

"Omba tu, Shangazi. Kwa ajili yangu."

Akatoka mbio, akawapitia vibarua wote. Kanga ndiye aliyeanza kutetemeka. "Tutafukuzwa, shoga yangu! Mimi nina vifaranga!"

"Nani amemfukuza mgeni wewe ukaona?" Nguchiro akamjibu. "Kibarua ndiye hufukuzwa. Wewe si kibarua. Bwana Fisi mwenyewe kakuita mgeni kila siku, leo unataka kumfanya mwongo?"

Panya akacheka mpaka akajishika mbavu. "Nguchiro, wewe ungekwepa hata mvua!"

Asubuhi, jamani, mngeona! Vibarua wote wamekuja wamependeza. Kanga kajipaka poda hata hayaonekani madoa. Panya kachana sharubu. Shangazi Kakakuona kasuguliwa magamba yanang'aa kama sufuria jipya. Hakuna aliyebeba chaki, hakuna jembe, hakuna fimbo. Wamebeba mabakuli yao matupu tu.

"Hodiiii!" wakaita kwa pamoja.

Fisi hata hakuangalia vizuri. "Karibuni, wageni!"

"Ahsante!" Wakaingia ukumbini moja kwa moja, wakatandaza mikeka iliyokuwamo, wakaketi, wakakunja miguu. Wanatabasamu.

Fisi akatoa kichwa mlangoni. "Mnangoja nini? Watoto wako madarasani!"

"Tunangoja maji ya kunawa," akasema Nguchiro kwa sauti ya upole kabisa. "Lakini usijisumbue sana, Bwana Fisi. Sisi wageni wepesi. Uji tu utatosha kwa kuanzia. Na mihogo kama ipo."

"Mna wazimu?"

"Shhh!" Kanga akamfinya Panya. "Mwenyeji anafoka mbele ya wageni!"

Huku madarasani kelele zikapanda hadi angani. Watoto wa nyati wanakimbizana. Watoto wa ngiri wanatafunana mikia. Kifaru akapelekwa akafundishe kukwepa nyoka. Akaonyeshwa kamba chini, akaambiwa huyo ndiye nyoka, amkwepe. Kifaru haijui kazi ya kukwepa. Aliishambulia ile kamba, akatokea upande wa pili na ukuta umemning'inia shingoni. Kiboko naye alipotakiwa kufundisha kujikunja aliinama, kikasikika kitu "twa!" na akabaki hivyo hivyo, anaomba watu watoke nje.

Zile kelele zilimleta Mzee Ndovu mwenyewe. Dunia ikatikisika, tindi! tindi! tindi! Akasimama mlangoni, masikio yanapepea.

"Nini hiki? Walimu wangu wamekaa?"

"Shikamoo, Baba Mkuu," wakasema vibarua wote.

"Marahaba. Mbona hamfundishi?"

Nguchiro akainuka, akafuta mikono kwenye kanga aliyojifunga kiunoni, akapiga goti dogo la adabu. "Baba, sisi si walimu. Sisi ni wageni wako."

"Wageni? Aliyesema hivyo ni nani?"

"Bwana Fisi. Kila asubuhi hutukaribisha wageni, na jioni hutuaga wageni. Jana Shangazi hapa kaomba kiinua mgongo chake, kaambiwa kaanza kazi asubuhi ile ile. Basi tukasema, ikiwa sisi ni wageni, kwa nini tumvunjie heshima mwenyeji kwa kujifanya watu wa nyumbani?"

Ndovu akageuza mkonga. "Fisi! Ni wageni hawa, au ni wafanyakazi wangu?"

Sasa hapo, mwenzangu, tazama jasho. Fisi akisema ni wafanyakazi, basi wana haki ya asali yao na nyongeza juu. Akisema ni wageni, watakula. Akapiga hesabu kichwani, akaona heri uji kuliko asali.

"Ni... ni wageni, Mkuu. Hakika. Wageni kabisa. Wakiaga jioni, basi."

"Wageni!" Ndovu akabadilika. Ndovu, mnajua, katoka kwenye nyumba ya heshima. Mama yake alikuwa mkali wa mila, Mungu amrehemu. "Wageni wamekaa tangu alfajiri hata maji ya kunawa hawajamiminiwa? Katika nyumba yangu? Aibu gani hii! Kifaru, vua huo ukuta ulete maji! Kiboko, toka ulipokwama, njoo umenye mihogo! Fisi, wewe peperusha moto!"

Basi mkubwa akamhudumia mdogo. Kifaru anamimina maji mikononi mwa Panya, tone kwa tone, anatetemeka asimzamishe. Kiboko anamenya muhogo, kila akimenya unabaki mdogo kama kidole. Fisi anapuliza moto, moshi umemjaa machoni, machozi chururu. Na Nguchiro anasema, "Bwana Fisi, chumvi kidogo iongezwe, tafadhali. Kama si usumbufu."

Shangazi Kakakuona alikula taratibu, anashukuru kila kijiko. Nguchiro alimtazama pembeni, akajiambia moyoni kwamba siku hii haiishi hivi hivi.

Walipokwisha nawa, akakohoa kidogo. "Baba Mkuu, chakula kizuri, Mungu akuzidishie. Natumaini na nyinyi mnaipenda ile asali yetu."

"Asali gani, mjukuu wangu?"

"Ile tunayokuletea kila jioni. Upawa mmoja kila mtu. Sisi tulidhani ni kiinua mgongo chetu. Kumbe tulikosea, maana mgeni hana kiinua mgongo! Basi ilikuwa zawadi tu tunaleta. Tunafurahi mmeipokea."

Masikio ya Ndovu yakaacha kupepea. "Mmeniletea zawadi kila jioni?"

"Kila jioni, Baba."

"Na mabakuli yenu yalirudi na nini?"

Vibarua wakainua mabakuli yao, wakayapindua. Hakukudondoka hata chembe.

"Fisi!" Ndovu akanguruma hadi paa likadondosha makuti. "Mabakuli ya wageni yalirudi na nini?"

"Yalirudi... yalirudi yameoshwa, Mkuu."

"Yameoshwa!" Ndovu akashika kichwa kwa mkonga. "Mama yangu angenikuta narudisha bakuli la jirani tupu angenicharaza masikio haya mpaka yapungue! Kanifundisha mwenyewe: jirani akikuletea, ukirudisha chombo weka kitu. Angalau chumvi! Angalau yai! Na wewe umenifanya mimi, Ndovu, nipokee zawadi kila siku ya Mungu nisirudishe kitu?"

"Mkuu, mimi..."

"Nyamaza! Sikilizeni nyote. Kama hawa ni wafanyakazi, chuo kitaongeza upawa juu ya upawa wao kama kinavyoniongezea mimi. Kama ni wageni, kila bakuli walilolileta litarudi limejaa. Kwangu mimi naona ni jambo moja, sijui nyinyi wasomi mnaonaje. Fisi, lete mtungi wao hapa mbele ya watu."

Fisi akameza mate, gutu! "Sasa hivi, Mkuu. Ila... asali imeganda kidogo. Inataka muda."

Kila mtu alimgeukia Nguchiro, wakidhani atamrukia. Lakini Nguchiro akapiga miayo mirefu, aaaah, akajinyoosha.

"Baba, tusimharakishe mwenyeji. Wageni wameshiba, macho mazito. Tuache tujinyooshe kidogo. Tukiamka, mtungi uletwe."

Fisi alimtazama kama kaona ndugu yake aliyepotea. "Nguchiro! Kumbe una adabu hivi!"

"Nimefundishwa, Bwana Fisi."

Basi wakajilaza. Ndovu akaegemea ukuta, akasema naye atapumzisha macho. Kifaru na Kiboko wakajitupa sakafuni, kelele za mihogo matumboni. Punde ukumbi mzima ukawa "koroooo... fyuuu... koroooo."

Nguchiro alilala ubavu, amekumbatia mkeka mmoja aliouficha chini ya kanga yake, jicho moja limefumba, moja liko kazini. Na kwa jicho lile akamwona Fisi ananyata. Akafunua pembe ya jamvi, akaingia ghalani, jamvi likashuka nyuma yake.

Kisha, katikati ya mikoromo, sauti ndogo kabisa:

"Chururu... lamba lamba. Chururu... lamba lamba."

Yalikuwa ni yale yale Nguchiro aliyoyawaza. Mtungi wa vibarua hauna kitu! Sasa Fisi anahamisha asali kutoka mtungi wa wakubwa aujaze ule mtupu. Na kwa kuwa ni Fisi, kila akimimina upawa, mmoja anaulamba mwenyewe. Akiachwa amalize, atatoka na mtungi umejaa, atapigiwa makofi, na kesho asubuhi atasimama tena langoni, "Karibu, mgeni!"

Sasa ndiyo saa ya mkeka. Nguchiro akamtazama Shangazi.

Shangazi Kakakuona hana mkeka, ni kweli, maana Nguchiro ndiye aliyeuficha. Lakini je, kaomba? Wapi! Kajikunja sakafuni duara, pua chini ya mkia, kama jiwe.

"Shangazi!" Nguchiro akamnong'oneza katikati ya magamba. "Shangazi, omba mkeka!"

"Niache, mwanangu. Hapa panatosha."

"Hapatoshi!"

"Nimezoea. Nisimwamshe Mkuu wa watu kwa ajili yangu mimi."

Chururu... lamba lamba, inasikika kule.

"Shangazi," Nguchiro akasema, na safari hii hakuwa na mzaha hata kidogo, "jana ulinyimwa ukasema asante. Umefundisha watoto wa bonde zima, hata huyu Mzee. Omba kitu kimoja tu maishani mwako. Mkeka."

Kwenye lile duara, gamba moja likainuka. La pili. Pua ikatoka. Shangazi akajikunjua, polepole, mifupa inalia kwaru, kwaru. Akasimama kwa miguu yake miwili ya nyuma, akitetemeka.

"Baba Mkuu," akasema, kwa sauti ndogo. "Samahani, baba. Mimi sina cha kulalia."

Ndovu akafumbua macho. Akamwona mwalimu wake wa utotoni amesimama sakafuni, mgongo umepinda kama ndoana, magamba yanang'aa kwa kusuguliwa. Akaona mikeka yote ina watu. Uso wa Ndovu ukaiva kwa aibu.

"Shangazi yangu! Na mimi nimelala? Ngoja, ngoja! Hata kama ni jamvi la ghala, leo utalalia!"

Akanyoosha mkonga hadi mwisho wa ukumbi, akalishika lile jamvi, akavuta.

Pwaaaa!

Loo! Masalale! Jua likaingia ghalani. Wote wakafumbua macho. Na pale, mbele ya chuo kizima, kichwa cha Fisi kimezama hadi mabegani ndani ya mtungi wa wakubwa, matako juu, mkia unacheza kwa raha. Mkono mmoja umeshika upawa unadondosha asali. Pembeni yake mtungi wa vibarua umeinama, umekauka, utando wa buibui umechanika nusu mdomoni mwake, na vijipawa vitatu tu vya asali aliyoihamisha vinatiririka hadi kitakoni.

"Mtungi wangu!" Kifaru akaruka. Wa vibarua ulipokauka hakuuliza, wake ulipolambwa kaamka mara moja!

"Sss!" Nguchiro akaweka kidole mdomoni. Akanyata, akafika, akaugonga ule mtungi: ngo, ngo, ngo.

"Hodi!"

Na kutoka ndani, sauti nzito yenye utamu, iliyozoea mno, ikaitikia:

"Karibu, mgeni!"

Weee! Ukumbi uliangua kicheko hadi Kiboko akakwamuka mgongo aliokuwa ameukwamisha tangu asubuhi. Kanga akapiga ile kelele yake ya hatari mpaka watoto wakajaa madirishani kushuhudia. Fisi akataka kuchomoa kichwa, mtungi ukaja nacho. Akazunguka, akagonga nguzo, paa! Vipande vikaruka, na uso ukatokea, asali kwenye nyusi, asali puani, asali hadi masikioni. Akatazama huku, watu. Akatazama kule, watu.

Mzee Ndovu hakumjali kwanza. Alilitandaza jamvi lile kubwa katikati ya ukumbi, akalikung'uta vumbi mwenyewe, akamshika Shangazi kwa mkonga, akamlaza kama yai.

"Lala, Shangazi. Mtu akisema 'kwaheri' jioni kwa sababu ana adabu, hajaacha kazi. Wewe ulipiga hodi hapa siku moja tu, mimi ni mtoto, na tangu siku ile hujatoka. Nitahesabu kuanzia hapo. Wewe na wenzako wote."

Shangazi alitaka kusema asante. Nguchiro akamziba mdomo kwa ncha ya kanga yake. "La, Shangazi. Hii ni yako."

Ndipo Ndovu akamgeukia Fisi. Fisi akajaribu kutabasamu. Asali ikamdondoka kidevuni.

"Leo humu ndani," akasema Ndovu, "mgeni ni mmoja tu." Akainua mkonga kuelekea langoni. "Kwaheri, mgeni."

Fisi akainama kuokota upawa wake. Alipotaka kusimama wima, mgongo ukakataa. Nyuma kukabaki chini. Akajaribu tena, wapi! Na mpaka kesho, kama mmemwona, nyuma kwake hakujainuka, kwa kiinua mgongo cha wenzake alichokula.

Anayekufanyia kazi kila siku si mgeni wako. Basi mwekee cha uzeeni kama unavyojiwekea mwenyewe.